Umepaka mafuta ya mimea, chunusi hazisikii: tafuta kosa liko wapi

Jumamosi moja binti aliingia dukani, akaniamkia, akatoa mkobani chupa ya maji ya nusu lita. Ndani mna mafuta ya rangi ya chai kavu.

"Anti, haya amenichanganyia bibi. Nazi, mwarobaini, habasoda na karafuu kidogo. Mbona ndiyo nazidi kuharibika?"

Nikafungua kifuniko, nikanusa. Nyuma ya karafuu kulikuwa na harufu ya pili, ile ya karanga zilizosahaulika kabatini. Mafuta yalishachacha. Na hilo lilikuwa kosa moja tu. Uso wake ulinionyesha mengine matatu.

Nauza dawa hapa Tanga, mji ambao mafuta ya nazi yanapikwa majumbani na kila nyumba ina fundi wake. Malalamiko ninayoyasikia ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Usirukie ya mwisho kwa kuwa inatisha zaidi.

Kabla ya yote

Acha kila unachopaka kwa wiki 2. Kila kitu, pamoja na kile unachokipenda. Nawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini ya uso (sabuni ya mche ni ya nguo), jifute kwa kugusisha taulo safi, basi. Watu wengi hawataki kusikia hili kwa sababu wamekuja kununua, hawakuja kuambiwa waache. Lakini mwenye chupa 5 usoni hawezi kujua ipi inamdhuru.

Jambo la pili: "mafuta ya mimea" ni jina moja la vitu viwili tofauti. Kuna mafuta ya kukamua: nazi, alizeti, zeituni, nyonyo, ufuta, mwarobaini, habasoda. Haya ni mazito na hayapotei hewani. Halafu kuna mafuta tete, ambayo hupatikana kwa kuchemsha majani au maua na kukusanya mvuke wake: karafuu, mchaichai, mkaratusi, na yale ya tea tree yanayotoka kwenye mti wa Australia, Melaleuca alternifolia. Hayo huuzwa kwenye chupa ndogo za mililita 10 na ni makali mno kupakwa peke yake. Mafuta ya kukamua mara nyingi hudhuru kwa kuziba. Mafuta tete hudhuru kwa kuunguza.

Dalili: "Chunusi zimeongezeka tangu nianze kupaka"

*Sababu ya kwanza: mafuta yenyewe yanaziba vinyweleo.* Chunusi huanza pale mafuta ya asili ya ngozi na seli zilizokufa zinapoziba kitundu cha kinyweleo. Ndani ya kitundu kilichozibwa bakteria aitwaye Cutibacterium acnes huzaliana, na mwili unapopambana naye ndipo unapoona wekundu na usaha. Sasa wewe unachukua ngozi ambayo tayari inatoa mafuta mengi, unaiongezea kizibo.

Mshtakiwa namba moja ni nazi. Wapo wanaoyapanga mafuta kwa kipimo cha 0 hadi 5 kulingana na uwezo wake wa kuziba. Nazi hupewa 4, siagi ya kakao nayo 4, zeituni 2, nyonyo 1, na alizeti iko chini kabisa. Vipimo vya mwanzo vilifanywa kwenye masikio ya sungura, na uso wako si sikio la sungura, kwa hiyo orodha hiyo ni dokezo tu. Hata hivyo, mimi nikiona nazi na chunusi pamoja, nazi inaondoka kwanza. Ni kweli karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo huua bakteria maabara. Lakini usoni kizibo kinashinda.

Jipime hivi: simama pembeni ya dirisha asubuhi, geuza uso mwanga uje kwa ubavu. Ukiona vinundu vidogo visivyo na wekundu, vya rangi ya ngozi yako, na ukipitisha kidole unahisi kama semolina, hivyo ni vinyweleo vilivyoziba. Acha mafuta hayo. Usitegemee uso utasafika kesho. Vizibo unavyoviona leo vilianza kujengeka wiki kadhaa nyuma, kwa hiyo hesabu wiki 4 hadi 8.

*Sababu ya pili: wingi.* Tumelelewa kwamba mtoto aliyepakwa mafuta vizuri lazima ang'ae. Kwa miguu ya harusini, sawa. Kwa uso wenye chunusi, matone 2 kiganjani yanatosha, na baada ya dakika 10 uso usiache alama kwenye karatasi ukiugusa.

*Sababu ya tatu: mafuta yameharibika.* Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yakibakiwa na maji kidogo huchacha mapema, hasa kwenye chupa inayokaa juani. Nusa. Yakinuka karanga mbovu au kalamu za rangi za watoto, mwaga. Kuganda, kwa upande mwingine, si ugonjwa: nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa inayomiminika Tanga mjini hufika Lushoto ikiwa nyeupe kama samli.

*Sababu ya nne: humo ndani kuna kitu usichokijua.* Mafuta ya "mitishamba" yasiyo na lebo wakati mwingine huchanganywa na krimu ya steroidi, dawa ya hospitali inayozima wekundu. Soma dalili ya krimu huko chini.

Na kabla hujaniambia "yanatoa uchafu kwanza, kisha uso utatulia": kuna dawa ambazo kweli huzidisha chunusi wiki za mwanzo, zile za jamii ya vitamini A kama adapalini, kwa sababu zinaharakisha ngozi kujibadilisha. Mafuta ya nazi hayafanyi kazi hiyo. Aliyekuambia uvumilie miezi 3 ya kuharibika alikuwa anatetea mafuta yake.

Dalili: "Ziko kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele tu"

Ni mafuta ya nywele. Madaktari wa ngozi Marekani waliieleza hali hii mwaka 1970 kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka pomedi kichwani. Hapa kwetu msusi anapaka kichwa kizima, jasho linashusha, na ushungi au kofia vinayabana hapo hapo. Binti wa Jumamosi alikuwa na mstari wa vipele ulioanzia sikio hadi sikio, umenyooka kama umechorwa kwa rula, palipokaa ukingo wa ushungi.

Paka mafuta kwenye urefu wa nywele, yaishie sentimita 2 au 3 kabla ya kufika usoni. Futa paji kila baada ya kupaka. Fua ushungi, kofia ya kulalia na foronya kila wiki. Kama vipele vina usaha, vinauma na vimeanza pale tu ulipobana twende kilioni, tatizo ni kuvutwa kwa nywele. Fumua.

Dalili: "Inachoma, ngozi imevimba au imechubuka"

Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu wa vitabuni. Utaona rangi ya zambarau, au weusi uliokolea, ngozi inavuta na baadaye inabanduka.

*Sababu ya kwanza: umepaka mafuta tete bila kuyapunguza.* Karafuu ndiyo inayoniletea wateja wengi. Pemba, pale Wawi, kuna kiwanda cha kutengeneza mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na mafuta hayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, ile inayotia ganzi jino. Kinachotia ganzi jino kinaunguza shavu. Kwa chunusi, mimi siyashauri hata yakipunguzwa.

Tea tree ndiyo pekee kati ya haya yenye ushahidi wa maana, na kipimo kilichotumika ni asilimia 5. Hesabu yake ni rahisi: mililita 1 ni matone 20 hivi, na kijiko cha chai ni mililita 5. Matone 5 kwenye kijiko kimoja cha mafuta mepesi, kama alizeti ambayo haijawahi kukaangia kitu, ni asilimia 5. Anza na matone 2 kwa kijiko. Ukivumilia wiki 2, panda taratibu.

*Sababu ya pili: umepaka juu ya ngozi iliyojeruhiwa.* Dodoki, mswaki (ndiyo, mswaki), chumvi, sukari, kutumbua kwa kucha. Ngozi haina mlango tena, kila kitu kinaingia. Acha kusugua kwa wiki 2 kisha ujipime upya.

*Sababu ya tatu: chupa ni ya zamani.* Mafuta ya tea tree yakipigwa na hewa, mwanga na joto hubadilika, na mabadiliko hayo huzalisha vitu vinavyoleta aleji zaidi kuliko mafuta mapya. Nunua chupa ndogo ya kioo cha rangi, iandike tarehe uliyoifungua, iweke mahali pa baridi penye giza. Iliyokaa dirishani bafuni tangu mwaka jana, usiionee huruma.

*Sababu ya nne: aleji yenyewe.* Inaweza kuja hata kwa mafuta uliyoyatumia vizuri miezi mingi. Kwa kawaida huwasha sana, na hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kupaka. Habasoda nayo, pamoja na heshima yake yote, imewahi kuwaletea watu aleji kali ya ngozi.

Cha kufanya: osha kwa maji mengi na sabuni laini, usiongeze mafuta mengine "ya kupoza", weka kitambaa chenye maji baridi. Ukipona, jaribu kitu kipya ndani ya kiwiko mara 2 kwa siku kwa siku 7 kabla hakijafika usoni.

Simama: midomo au macho yakivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoa malengelenge, au mafuta yakiingia jichoni na maumivu yasiishe baada ya kuosha kwa maji safi dakika 15 au 20, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili: "Ni vipele vidogo, vimefanana vyote, na vinawasha"

Hapa wengi wanapoteza mwaka mzima. Chunusi za kawaida ni mchanganyiko: moja nyeusi, moja ina usaha, moja kubwa, moja inakauka. Ukiona vipele vya saizi moja, kama vimemwagwa kutoka kwenye chekeche, kwenye paji, kifua, mgongo na mabega, na vinawasha hasa ukitoka jasho, shuku fangasi aitwaye Malassezia.

Fangasi huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta. Maabara, wanaotaka kumkuza huweza kumwekea mafuta ya zeituni. Umeona ulipo: kila usiku unapojipaka zeituni kwa uangalifu, unampelekea daku. Na dawa za kuua bakteria zinaweza kumsaidia, maana zinamwondolea washindani. Mtu anayesema "nilimeza doksisaiklini nikazidi" namwangalia mgongo kwanza.

Mara nyingine ni harara tu, vipele vya joto. Vaa nguo nyepesi, oga ukitoka jasho, lala panapopita hewa. Ikitulia ndani ya siku chache, ilikuwa harara. Isipotulia, acha mafuta yote na umwone tabibu. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 hutumika kwa kuiacha kwenye ngozi dakika chache kisha kuosha, lakini fangasi aliyeota sana huhitaji vidonge, na vidonge hivyo si vya kujinunulia, kwa sababu ini lako linahusika.

Dalili: "Zimetokea alama nyeusi kama michirizi"

Limau au ndimu, na jua. Maganda yake yana kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi zinaunguza, na kuungua huko huja saa nyingi baadaye, ndiyo maana mtu hahusishi. Nikiwa na miaka 17 nilichanganya ndimu na mafuta ya nazi, nikapaka, nikaenda kuanika dagaa saa sita mchana. Siku ya pili shavu la kushoto lilikuwa na mchirizi ulioanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, njia ile ile tone lilipopita. Ulikaa miezi. Mama alisema nimepigwa kofi la ndimu.

Hakuna cha kupaka ili ufutike haraka. Kinga jua, ngoja. Kukitokea lengelenge, usilitumbue.

Dalili: "Wiki zinapita, hakuna kilichobadilika"

*Kwanza hesabu wiki.* Hata dawa za hospitali huhitaji wiki 8 hadi 12. Siku 10 si majaribio.

*Pili, angalia ulichopaka.* Mafuta mengi ya kukamua hayana kazi ya kuua bakteria wa chunusi wala kufungua kizibo. Yanalainisha ngozi, na hapo yameishia. Mwaka 1990 utafiti wa Australia uliwagawa watu 124 wenye chunusi: wengine jeli ya tea tree ya asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, ya asilimia 5. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Tea tree ilichelewa kuanza kazi, lakini haikuwasumbua ngozi sana kama benzoili peroksaidi. Ilikuwa jeli, iliyopimwa. Ukimwaga tea tree kwenye nazi hujarudia utafiti huo.

*Tatu, chunusi zako zimezidi uwezo wa mafuta.* Mafuta hayafiki kwenye uvimbe wa ndani unaouma ukiugusa. Hapa hamia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana, kisha kila usiku. Inababua rangi ya nguo, tumia foronya nyeupe. Adapalini hufungua vizibo vizuri, ila usiitumie ukiwa na mimba au ukipanga kubeba mimba.

*Nne, chanzo kiko ndani.* Hedhi inayokuja inavyotaka, ndevu kwa mwanamke, chunusi zinazojaa kwenye taya, au dawa mpya uliyoanza kumeza. Mueleze daktari. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 7 akitokwa na chunusi, asipakwe chochote, apelekwe.

Dalili: "Krimu ilizimaliza siku 3, nikiacha zinarudi maradufu"

Hiyo si krimu ya mimea hata kama kopo lina picha ya mkarafuu. Kasi ile ni ya steroidi, na majina ya kutafuta kwenye boksi ni klobetasoli na betamethazoni. Inazima wekundu, huku ngozi ikiwa nyembamba, mishipa ikionekana, nywele zikiota na vipele vikizunguka mdomo. Mkorogo mara nyingi unayo, pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Kama umetumia miezi mingi, usiache kwa ghafla peke yako. Mwone daktari akupangie namna ya kushuka, na umwambie ukweli. Ameyaona mengi.

Dalili: "Chunusi zimekwisha, madoa yamebaki"

Doa tambarare si kovu. Kwenye ngozi zetu hukaa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na jua linalikoleza. Kofia, mwavuli, krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Mafuta ya mbuyu au nyonyo hayafuti doa. Mashimo ndiyo makovu, na hayo ni kazi ya kliniki.

Usijaribu kabisa

Kunywa mafuta ya mwarobaini "kusafisha damu": kwa watoto wadogo yamewahi kusababisha degedege na vifo. Tea tree na karafuu nazo ni sumu zikimezwa, weka mbali na watoto. Kujifukizia chunusi nako kunaleta majeraha ya mvuke, na kizibo hakitoki. Usitumbue jipu la puani au la mdomo wa juu. Likivimba hadi jichoni, au ukapata homa na kichwa kikali, ni hospitali leo.

Ukiamua kwenda

Nenda kama una uvimbe mkubwa wa ndani, kama makovu yameanza, kama umejaribu wiki 12 kwa mpangilio bila nafuu, au kama chunusi zimekufanya usitoke nje. Hilo la mwisho ni sababu halali kama mengine. Si lazima upate bingwa siku ya kwanza. Tangu 1992, kituo cha RDTC (kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi) pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa hiyo uliza hospitali ya mkoa au wilaya kliniki ya ngozi ni siku gani.

Usijipake kitu asubuhi hiyo. Beba chupa zote, na makopo, hata yale yasiyo na lebo, hata ya mafuta ya nywele. Binti wa Jumamosi alikwenda na mfuko wa rambo wenye vitu 7. Tabibu alivipanga mezani, akaanza kunusa kimoja kimoja.